Vibao Visivyoandikwa: Majina ya Mitaa ya Juba

Simama asubuhi penye mzunguko wa Custom, hapa Juba, uwasikilize makondakta wa mabasi madogo wakiita abiria: "Gudele, Gudele! Mia Saba! Konyo Konyo! Jebel!" Mgeni husikia kelele tu. Mimi nimepanda mabasi hayo kwa miaka kadhaa sasa, na sauti hizo nimezoea kuzisikiliza kama mtu asomaye vibao vya kumbukumbu kando ya njia.

Wanafunzi wangu wameniuliza mara nyingi kwa nini mji wao hauna vibao vya historia kama walivyoviona katika picha za miji mingine. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, historia imechongwa kwenye mawe. Jinja kuna mnara wa Speke karibu na mahali Mto Nile unapotoka ziwani. Malindi kuna nguzo ya Vasco da Gama. Ujiji kuna kumbukumbu ya mkutano wa Livingstone na Stanley wa mwaka 1871. Itazame orodha hiyo, ndugu msomaji, nawe utaiona kasoro yake kabla sijaitaja: hizo ni kumbukumbu za wapita njia. Speke alisimama Jinja mwaka 1862, akaendelea na safari yake. Waliokuwa wakivua samaki pale kabla hajafika, na waliobaki baada ya kuondoka kwake, hawakujengewa mnara.

Juba mawe ya namna hiyo ni machache, na barabara nyingi hazina hata kibao cha jina. Lakini mji huu una majina. Makala haya yanahusu majina hayo: yalitoka wapi, yamehifadhi nini, na ni mambo gani ambayo bado hayajapata jina linaloweza kutamkwa kwa sauti.

Tuanze na neno dogo ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili hujikwaa kwalo akiwa Juba, nalo ni neno "hai". Tuna Hai Malakal, Hai Jalaba, Hai Cinema, Hai Referendum. Katika Kiswahili, kiumbe hai ni kile chenye uhai, kisichokufa. Katika Kiarabu cha Juba, hai ni mtaa, yaani sehemu ya mji wanamokaa watu. Je, haya ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati? La. Yote mawili yametoka katika neno moja la Kiarabu, ambalo humaanisha kilicho hai na pia humaanisha jamii ya watu wanaoishi pamoja. Kiswahili kilichukua maana moja, Juba ikachukua nyingine. Kwa hiyo usicheke mwanafunzi anayetafsiri Hai Malakal kuwa "Malakal iliyo hai". Mtaa ule uliitwa kwa jina la mji wa Malakal, ulioko mbali kaskazini, na vita vya tangu mwaka 2013 viliuharibu mji huo vibaya sana. Nimewahi kuisikia tafsiri hiyo darasani, na sikuwa na haraka ya kuisahihisha.

Sasa tuvuke mto. Ng'ambo ya mashariki, mkabala na mji, kuna mahali paitwapo Gondokoro. Zamani, kabla Juba haijawa mji, jina lililojulikana duniani lilikuwa hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 wamisionari Wakatoliki walioongozwa na padri Ignaz Knoblecher walijenga kituo chao pale miongoni mwa Wabari. Kabla ya muongo mmoja kwisha, homa zilikuwa zimeua wengi wao na kituo kikaachwa. Nyuma yao walikuja wafanyabiashara wa pembe za ndovu na wa watumwa. Mwezi Februari 1863 Speke na mwenzake Grant walifika Gondokoro wakitoka kusini, wakamkuta Samuel Baker. Miaka minane baadaye, yaani mwaka 1871, Baker alirudi akiwa na jeshi na cheo alichopewa na mtawala wa Misri, Khedive Ismail. Alipandisha bendera, akatangaza kwamba nchi hiyo sasa ni mali ya Misri, na akaibadilisha jina Gondokoro: tangu siku hiyo ingeitwa Ismailia, kwa heshima ya bwana wake.

Nenda leo kwenye kivuko ukamwambie mwenye mtumbwi akupeleke Ismailia. Hatakuelewa. Mwambie Gondokoro, atakuuliza tu kama unayo nauli. Jina lililotangazwa kwa mizinga halikudumu hata kizazi kimoja, na jina walilolitumia Wabari wenyewe lipo mpaka leo. Katika historia yote ya mji huu sijui mfano unaonifurahisha kuliko huo.

Lakini tusijidanganye kwamba mwenyeji hushinda daima. Jina la Juba lenyewe lilikuwa la kijiji cha Wabari upande wa magharibi wa mto. Wengine husimulia kwamba linatokana na Jubek, kiongozi wa Wabari wa zamani. Katika miaka ya 1920 wafanyabiashara Wagiriki walianza kujenga maduka hapo, na serikali ya Waingereza ikaamua kuhamishia hapo makao ya jimbo kutoka Mongalla. Sababu mojawapo ilikuwa mto. Merikebu za moshi kutoka Khartoum ziliweza kupanda Nile mpaka hapa. Kusini zaidi kuna maporomoko ya maji yanayozuia vyombo. Mizigo iliyokwenda Uganda na Kongo ilishushwa hapa, ikaendelea kwa barabara. Ili mji upate nafasi, kijiji kilitakiwa kuhama, nacho kikahama. Jina likabaki kwa wageni, na wenye jina wakasogezwa pembeni. Ndiyo maana mpaka leo kuna mtaa uitwao Juba Na Bari, yaani Juba ya Wabari. Jiulize kwa nini mtaa uhitaji kuitwa hivyo. Ni kana kwamba ndani ya Dar es Salaam kungekuwa na mtaa uitwao Dar es Salaam ya Wazaramo. Jina la namna hiyo ni madai ya wenye ardhi yaliyobaki ndani ya anwani, na katika mji ambao mashauri ya viwanja ni mengi kuliko viwanja vyenyewe, madai hayo hayajazeeka.

Malakia ni jina lenye safari ndefu zaidi. Asili yake ni neno la Kiarabu lililotumiwa Misri na Sudan kwa mambo ya kiraia, yasiyo ya kijeshi. Askari waliomaliza utumishi, pamoja na wake zao, watoto wao na watumwa walioachwa huru, walipewa sehemu za kukaa pembezoni mwa vituo vya serikali, nazo zikaitwa Malakia. Si Juba peke yake; miji mingine ya Sudan Kusini nayo ilikuwa na Malakia zake. Watu wa Malakia walitoka katika makabila mengi, wala hawakuwa na lugha moja ya mama. Walichokuwa nacho ni Kiarabu cha kambini, kilichopunguzwa viambishi na kuongezewa maneno ya Kibari na ya lugha nyingine, na hicho ndicho kilichozaa Kiarabu cha Juba kinachosemwa leo sokoni, kanisani na redioni.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka nje ya mji kidogo, kwa maana wasomaji wangu wa Kenya na Uganda watayatambua mambo haya. Baadhi ya askari wa Ikweta, jimbo lililotawaliwa na Emin Pasha kutoka Lado, kaskazini kidogo ya hapa, walibaki nyuma Emin alipoondoka na Stanley kuelekea Bagamoyo mwaka 1889. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua, akawatia katika jeshi la kampuni ya Waingereza. Vizazi vyao ndio Wanubi wa Bombo na wa Kibera. Jina Kibera lenyewe ni la Kinubi, kutoka neno "kibra", yaani msitu au kichaka. Mkenya anayetaja Kibera na mkazi wa Juba anayetaja Malakia wanataja sura mbili za kitabu kimoja. Mwanafunzi wangu mmoja aliyekulia Nairobi kama mkimbizi aliniambia kwamba alishangaa, alipokuwa mtoto, kuwasikia wazee wa Kinubi wakiongea naye akawaelewa.

Majina mengine yalizaliwa kutokana na kazi za kila siku. Custom ilikuwa na kituo cha forodha. Hai Jalaba ulikuwa mtaa wa wafanyabiashara waliotoka Sudan ya Kaskazini, ambao huku huitwa jalaba. Buluk, penye makao ya polisi, ni neno la jeshi la Waturuki lenye maana ya kikosi. Lilipitia Misri, likapanda mto, likabaki hapa baada ya Waturuki wenyewe kusahaulika. Jebel Kujur, mlima unaoonekana magharibi ya mji, ni mlima wa mganga. Kwa Konyo Konyo sina maelezo ya kuaminika, nami sitakutungia.

Mia Saba, hata hivyo, siwezi kuipita, kwa sababu iliwahi kuniharibia somo zima. Nilikuwa nimefundisha namba hadi elfu moja, nikawaambia wanafunzi waandike sentensi kuhusu makazi yao. Mmoja akaandika, "Ninakaa mtaa wa 700." Darasa likacheka. Akajitetea: mwalimu umesema mia saba ni 700. Ni kweli nilisema. Lakini katika Kiarabu cha Juba, Mia Saba ni 107, na kila mkazi wa mji analijua hilo. Maneno yote mawili, mia na saba, Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu, kisha kikayapanga kwa sarufi yake: sisi husema mia saba kwa mia zilizo saba, na ili kupata 107 ni lazima tutie kiunganishi, mia moja na saba. Nilifuta ubao, nikaanza upya. Tangu siku hiyo Mia Saba ndiyo mfano wangu wa kwanza kila ninapofundisha hesabu.

Yafaa kuona jinsi majina haya yalivyopita katika mikono ya watawala wasioyapenda. Mwaka 1930 Waingereza walitangaza sera yao ya Kusini, iliyokusudia kuitenga sehemu hii na Kaskazini. Kiarabu kilikatazwa shuleni na maofisini, na hata watu wenye majina ya Kiarabu walihimizwa kuyaacha. Miaka miwili kabla yake, katika mkutano wa Rejaf, kusini ya Juba, lugha za wenyeji, Kibari kikiwamo, zilikuwa zimechaguliwa kwa mafunzo ya awali. Malakia ikabaki Malakia. Kisha likaja zamu ya serikali ya Khartoum, iliyofanya kinyume: Kiarabu rasmi kikasukumwa kila mahali, hasa shuleni. Kiarabu cha Juba hakikugeuka kuwa cha Khartoum. Mwaka 2011 katiba ya mpito ya nchi huru ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi na kuzitambua lugha zote za wenyeji kuwa lugha za taifa. Makondakta wakaendelea kuita vilevile. Nasi walimu wa Kiswahili, tuliopata nafasi zaidi baada ya Sudan Kusini kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, tujue kwamba tumekuja katika mji uliokwisha kuzoea kuambiwa lugha gani itumike.

Kuna majina yaliyowekwa kwa makusudi, na ni haki nayo yatajwe. John Garang alifariki katika ajali ya helikopta tarehe 30 Julai 2005, akazikwa Juba tarehe 6 Agosti. Mahali alipozikwa ndipo bendera ya nchi mpya ilipopandishwa tarehe 9 Julai 2011, na ndipo Papa Francis aliposomea misa mwezi Februari 2023. Hiyo ni kumbukumbu ya jiwe inayotumika kweli, kwa sababu watu hukusanyika hapo. Makao makuu ya jeshi yaliitwa Bilpam, jina la kambi iliyokuwa Ethiopia, ambako SPLA ilianza mwaka 1983. Jina lilirudi nyumbani na wapiganaji. Hai Referendum inakumbusha kura ya Januari 2011, ambayo karibu asilimia 99 ya wapiga kura waliamua kujitenga. Lakini majina ya amri yana hatari zake. Mwaka 2015 nchi iligawanywa upya, na jimbo la hapa likaitwa Jubek. Mwezi Februari 2020 mgawanyo huo ulifutwa, tukarudi Ikweta ya Kati. Wako watoto walioanza shule wakiwa Jubek na kumaliza wakiwa Ikweta ya Kati bila kuhama nyumba.

Nimeandika mpaka hapa kwa furaha, lakini sehemu inayofuata sikuweza kuiandika kwa namna hiyo.

Juba ina mambo ambayo jina la mtaa haliyasemi. Tarehe 12 na 13 Juni 1947 palifanyika hapa mkutano ulioitishwa na James Robertson, katibu mkuu wa utawala wa Waingereza, ambapo wajumbe wa Kusini waliulizwa juu ya kuunganishwa na Kaskazini. Huo kila kitabu cha shule huutaja. Mwezi Julai 1965, askari wa serikali waliingia katika mitaa ya watu wa Kusini mjini Juba, wakachoma nyumba za majani na kuua wakazi. Makadirio yanayonukuliwa sana ni ya zaidi ya watu elfu moja. Siku chache baadaye waliuawa watu wengine arusini katika mji wa Wau. Huo haujawa jina la mtaa wowote ninaoujua. Mwaka 1992, SPLA waliposhambulia Juba na kukaribia kuiteka, serikali iliwakamata askari, polisi, wafanyakazi na raia walioshukiwa kuwasaidia. Wengi walipelekwa katika jengo lililokuwa ndani ya kambi ya Giada, na hawakuonekana tena. Jengo hilo watu waliliita White House. Mtafsiri wa habari wa Kiswahili akikutana na White House ya Washington huandika Ikulu ya Marekani. Hii ya Juba haiwezi kuitwa ikulu. Itafsiriwe Nyumba Nyeupe, kisha mwandishi aeleze.

Jina hilo halikuwekwa na serikali. Lilitolewa na watu waliokuwa wakiogopa, ili waweze kutaja mahali pasipotajika. Kwa hiyo nalo ni kibao, ingawa hakuna aliyelichonga. Lakini limeanza kufifia. Wanafunzi wangu waliozaliwa baada ya mwaka 2000 wanalijua jina, wala hawajui sababu. Wengine walidhani palikuwa na hoteli.

Na katika siku zilizofuata tarehe 15 Desemba 2013, vita vilipozuka mjini, wanaume wa Kinuer, mamia kwa idadi, walifungiwa katika jengo la polisi huko Gudele na kupigwa risasi. Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Afrika, iliyoongozwa na Olusegun Obasanjo, ilikusanya ushahidi wa mauaji ya siku hizo, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2015. Kondakta anapoita "Gudele, Gudele!" abiria wengi husikia bei ya nauli. Wako abiria wengine ambao hulisikia jina hilo kwa namna nyingine, na wote hukaa katika basi moja, bega kwa bega, mpaka kituoni. Mkataba wa amani wa Septemba 2018, katika sura yake ya tano, unaahidi tume ya ukweli, maridhiano na uponyaji, mahakama maalumu, na mamlaka ya fidia. Ukweli ukishasemwa hadharani, patahitajika mahali pa kuuandika. Sijui kama Gudele yafaa kubadilishwa jina kwa ajili hiyo. Nafikiri hapana, kwa maana wakazi wake hawakufanya kosa lolote, na jina lina haki ya kubaki la watu wanaorudi nyumbani jioni. Lakini ubao wenye majina ya waliokufa, uliowekwa kwa ridhaa ya familia zao na kuandikwa kwa lugha wanazozisoma, ungetosha. Watu wa Gudele wangeupita kila siku, kama vile watu wa Jinja waupitavyo mnara wa Speke.

Kazi ya juma hili, basi. Kila mmoja achague kituo kimoja cha basi anachokitumia. Amtafute mkazi aliyekaa hapo miaka mingi kuliko yeye, amsalimu ipasavyo, amuulize kwa lugha yoyote wanayoelewana maswali mawili: jina hili lilitoka wapi, na kabla ya jina hili hapa paliitwaje? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, aya moja, na jina la mzee lisitajwe ikiwa hakuruhusu. Swali la pili ndilo gumu.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliniuliza afanye nini ikiwa mzee atalisikia jina la mahali na kunyamaza. Nilimwambia aandike jina hilo na tarehe ya siku aliyouliza, kisha aache mistari iliyobaki wazi. Alileta daftari likiwa hivyo, na nikampa alama zote.